Puto Lililopita Juu ya Ugogo Bila Kulipa Hongo

Mara nyingi mtu akiingia katika duka la vitabu hapa Dodoma na kuomba riwaya ya Kiswahili ya kumpa mtoto aliyemaliza darasa la saba, muuzaji humletea vitabu vya namna mbili. Vya kwanza ni vijitabu vyembamba vya picha, vya sungura na fisi, ambavyo mtoto huyo aliachana navyo tangu akiwa darasa la nne. Vya pili ni riwaya za watu wazima, au vile vitabu teule vya sekondari vinavyosomwa kwa ajili ya mtihani, ambavyo wanafunzi wengi huvijua kwa muhtasari wa dhamira na wahusika kabla hawajafungua ukurasa wa kwanza. Kati ya makundi hayo mawili, mahali ambapo msomaji wa miaka 11 hadi 16 alistahili kukuta kitabu kinene chenye safari ndefu, mnyama asiyejulikana, chombo kinachopaa au nchi isiyo kwenye ramani, rafu huwa karibu tupu. Ninaandika kuhusu upungufu huo kwa sababu Jumamosi huwa ninasoma na vijana wa umri huo huku Nkuhungu, na kwa sababu ninaamini kwamba riwaya ya maajabu, ikiandikwa vizuri, ni kazi ngumu na yenye heshima kuliko tunavyoichukulia.

Hoja inayotolewa mara kwa mara, kwamba watoto wetu hawana hamu ya hadithi ndefu za kubuni, haina ukweli. Pita kwenye kibanda umiza chochote cha Chang'ombe jioni ya Jumapili, utawakuta wamebanana kwenye mabenchi wakifuatilia tamthilia ya majoka, wafalme na panga zinazotoa moto, huku DJ akiwatafsiria kwa Kiswahili cha mtaani na kuchomeka majina ya vituo vya daladala wanavyovijua. Mwombe mmoja wao akusimulie. Atakueleza kwa mpangilio nani alimrithi nani, nguvu ipi humaliza pumzi ya anayeitumia, na kwa nini mhusika fulani hawezi kuvuka mto fulani hadi mwezi uandame. Kichwa kinachobeba hayo yote kinaweza kubeba riwaya ya kurasa 250. Kinachokosekana ni riwaya yenyewe. Tena filamu humpa mtazamaji joka lililokwisha kuchorwa, ilhali riwaya humwachia alichore mwenyewe, na humkalisha ndani ya moyo wa mhusika kwa siku kadhaa mfululizo, akila naye, akiogopa naye, akijua anachokificha.

Katika makala haya ninazungumzia pamoja riwaya za fantasia na zile za kubuni za kisayansi. Wataalamu wa fasihi hutenganisha mambo hayo mawili, na wana sababu zao, lakini kwa msomaji wa umri ninaouzungumzia mpaka ule ni mwembamba, na mwandishi wa pande zote mbili anabanwa na sharti moja: maajabu anayoyaleta lazima yawe na sheria, na sheria hiyo lazima imgharimu mtu kitu. Joka lisilokula wala kuchoka halimtishi msomaji zaidi ya mara moja. Chombo kinachokwenda popote wakati wowote hakina safari. Nitaeleza sharti hilo kwa mfano ambao watu wengi wa mikoa hii ya kati hawajui kwamba unawahusu.

Mwaka 1863 mwandishi Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya ya wasafiri watatu wanaovuka Afrika kwa puto kwa muda wa wiki tano. Ndiyo iliyofungua mfululizo wake mkubwa wa safari za ajabu, ule uliomfanya ahesabiwe miongoni mwa waasisi wa riwaya za kisayansi duniani, na wasomaji wake wengi walikuwa vijana. Puto linaruka kutoka Zanzibar, linapita juu ya Uzaramo, linavuka milima ya Rubeho, linapita anga la Ugogo, nchi ya Wagogo ilipo Dodoma ya leo, kisha linafika Kazeh, mahali palipo karibu na Tabora ya leo. Verne hakuwa amekanyaga huku. Alitegemea taarifa za wasafiri, hasa Richard Burton na John Hanning Speke, ambao mwaka 1857 walivuka nchi hii kwa miguu na msafara wao wakafika Kazeh. Kwa hiyo miongoni mwa anga za kwanza kupitiwa na chombo cha riwaya za kisayansi limo anga hili lililo juu ya mibuyu yetu, na jambo hilo ninapowasimulia vijana huwafanya wakae wima.

Tazama namna Verne anavyolijenga puto lake. Puto la kawaida la gesi hushuka kwa kutoa gesi hiyo na hupanda kwa kutupa mchanga, na vyote viwili vikiisha, safari imekwisha. Daktari Fergusson wa riwaya hii anaifungia haidrojeni yake ndani, halafu anaipasha joto: gesi ikipata moto hutanuka, puto likawa jepesi kuliko hewa linayoisukuma pembeni, likapanda, ikipoa hunywea, puto likashuka. Kwa kupanda na kushuka hivyo anatafuta tabaka la upepo linaloelekea anakokwenda. Moto wa kupashia joto nao unatokana na maji, yanayochanganuliwa kwa umeme wa betri. Mhandisi yeyote angeogopa kuwasha moto karibu na gesi hiyo, lakini mwandishi amejitahidi kueleza, na msomaji mdogo anaweza kufuata maelezo hatua kwa hatua hadi mwisho. Kisha sheria inadai malipo yake. Mbele, wakiwa jangwani, upepo unakufa na maji yanapungua, na wasafiri wanatambua kwamba maji wanayoyahitaji kooni ndiyo hayohayo yanayohitajika kulipandisha puto. Kila kikombe kinachonywewa kinawashusha. Mtoto wa Dodoma aliyewahi kupanga foleni na madumu kioskini tangu alfajiri hahitaji kufafanuliwa ukali wa sura zile.

Hata hivyo siwezi kumpa kijana kitabu hicho nikanyamaza. Watu wa nchi inayopitiwa hawana majina wala mawazo. Ni kelele zinazosikika chini ya kikapu. Kule Kazeh wanaonyeshwa wakiwadhania wageni kuwa wana wa mwezi, hadi mwezi wenyewe unapochomoza na kuwaumbua. Ni dharau ya zama zile iliyoandikwa kwa ustadi, na ustadi huo ndio unaoifanya iumize zaidi. Sishauri kificho. Ninashauri tuulize swali ambalo riwaya yenyewe haikuuliza: je, puto lile lililipa hongo?

Katika karne ya 19, msafara wowote uliotoka pwani kwenda Unyanyembe, yaani eneo la Kazeh, ulilazimika kuvuka Ugogo, nchi kavu yenye visima vichache, na watemi wa Kigogo walitoza kila msafara hongo, yaani ushuru wa kupita na wa kuchota maji, uliolipwa kwa nguo, shanga na waya. Burton na Speke walilipa. Wafanyabiashara wa pwani walilipa. Wasafiri waliandika malalamiko mengi kuhusu hongo ya Ugogo, kama vile maji ya nchi kavu yalikuwa hayana mwenyewe. Sasa linakuja puto linalopita juu, halichoti, halisalimii, halilipi, na riwaya inaliita jambo hilo ushindi wa sayansi. Nadhani hapa ndipo penye riwaya ambayo bado haijaandikwa. Mweke msichana wa Kigogo wa miaka 13 mwaka 1862, anachunga ndama karibu na kisima cha babu yake. Kitu cha mviringo kinatokea upande wa Rubeho. Nanga yake inakwama kwenye mbuyu, na wanaoshuka kwa kamba wanataka maji. Yeye anajua kisima kina kiasi gani na kuna miezi mingapi kabla ya mvua. Anawaambia kwamba kwanza walipe hongo, na kwa kuwa hawana nguo wala waya wa kutosha, anataka alipwe kwa kuonyeshwa namna kile kitu kinavyopaa. Kutoka hapo mwandishi mwenye nidhamu ana kurasa 250 mbele yake, na hakuna hata moja itakayohitaji kuombwa kutoka nchi nyingine.

Huo ndio msimamo wangu kuhusu riwaya hizi zote, ziwe za majini au za mitambo: maajabu yalipe hongo kwa nchi yanayopita. Yagharimu maji, damu, kumbukumbu, miaka ya umri, urafiki, chochote, mradi gharama ijulikane mapema na isisamehewe pale mwandishi anapobanwa na kisa chake.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alituachia nchi nzima iliyo angani, Kusadikika, katika kitabu kilichotoka mwaka 1951. Shuleni tunakifundisha kama kitabu cha siasa na haki, na ni kweli ni hicho. Lakini kaa nacho bila karatasi ya maswali uone kilivyoundwa: mshtakiwa Karama anajitetea kwa siku sita mbele ya baraza, na utetezi wake ni kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, ikiwemo juu mbinguni na chini ardhini, ambao walirudi na heri wakatupwa gerezani. Ni safari sita ndani ya kesi moja, na kila safari inaongeza uzito wa hukumu inayosubiriwa. Mwandishi wa leo wa riwaya za vijana angeweza kujifunza ujenzi wa mfululizo mzima kutoka kwenye muundo huo.

Katika *Adili na Nduguze* sheria ya maajabu ni kali zaidi, na kwa maoni yangu hakuna kitabu cha Kiswahili kinachoonyesha vizuri zaidi ninachokisema. Ndugu wawili wa Adili wamegeuzwa manyani na jini Huria kwa uovu waliomtendea ndugu yao. Hadithi ingeweza kuishia hapo, kwa adhabu na funzo. Badala yake Shaaban Robert anaweka sharti: Adili mwenyewe awachape manyani wale kila usiku, na akiacha, adhabu itamgeukia yeye. Anayeumia zaidi ni yule asiye na hatia. Anawapenda, na anawachapa, usiku baada ya usiku, hadi siri inafika kwa mfalme. Niliposoma sura hiyo na vijana kwa sauti, hakuna aliyeuliza dhamira ni ipi. Walibishana kama wao wangechapa au wangeacha, kama kuchapa polepole kunavunja sharti, na kama jini anaweza kujua nguvu ya mkono wa mtu. Huko ndiko kusoma riwaya ya maajabu, kuibana sheria kwa maswali hadi ijulikane ilipo imara na ilipo dhaifu. Mtihani haujawahi kuwaomba wafanye hivyo.

Kwa upande wa mandhari, mwandishi wa hapa ana utajiri usio wa kawaida. Nitataja pahali pamoja tu. Kaskazini mwa mji, katika barabara ya kwenda Arusha, iko Kondoa, na kwenye majabali ya ukingo wa Bonde la Ufa kuzunguka Kolo kuna michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951. Kuna pofu, twiga na tembo, na kuna watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, baadhi wakiwa na vichwa vilivyofunikwa na kitu kinachofanana na nywele nyingi au kilemba kikubwa, wengine wamelala hewani kana kwamba wanaelea. Ukisogeza uso karibu na jabali unaona kwamba mwili mzima wa mtu mmoja umejengwa kwa mistari myembamba iliyokwenda sambamba, ikipinda pamoja kwenye goti, na kwamba aliyeichora hakuinua mkono kwa haraka. Baadhi ya miamba, ikiwemo Mungumi wa Kolo, wenyeji bado huitumia kwa matambiko ya kuomba mvua na uponyaji.

Hilo la mwisho linamdai mwandishi adabu. Mahali panapoombewa mvua hapageuzwi pango la kuhifadhia hazina ya majambazi katika sura ya nane bila kwanza kuzungumza na wazee wanaopatunza. Kama wakikataa jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe. Mwandishi abuni jabali lake na sheria zake, kwa kuwa kubuni ndiyo kazi yake.

Lipo pia jambo zito zaidi, na sitaki kulipita haraka. Tunaishi katika nchi ambayo bibi vizee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, mara nyingi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na miaka mingi ya moshi jikoni, na ambayo watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani kwamba viungo vyao vina nguvu. Kwa mwandishi wa nchi nyingine, mchawi kizee anayeishi peke yake ukingoni mwa kijiji ni mhusika wa kawaida. Kwa mwandishi wa Tanzania anayemwandikia mtoto wa miaka 12, mhusika huyo ni hatari, kwa sababu msomaji anaweza kuwa na jirani anayefanana naye. Siandiki haya kupinga fantasia, kwani sheria ya maajabu ikiwekwa wazi ndiyo inayoweza kumwondoa bibi huyo mashakani: nguvu katika kisa inatoka mahali panapojulikana, inamgharimu anayeitumia na inaacha alama inayoonekana, hivyo mhusika hawezi kutuhumiwa kwa uvumi. Msomaji aliyezoea kudai ushahidi ndani ya riwaya, akiulizwa kijijini kwake fulani aliloga vipi, ataomba aelezwe hatua kwa hatua.

Jambo hilo nililishuhudia kwa namna ndogo kwenye kundi letu. Mvulana mmoja wa Chamwino, mwandishi hodari kwa umri wake, alitusomea hadithi ya kibuyu kilichoachwa na babu: ukikifungua kijijini, mvua inanyesha hapohapo, uwele unastawi, watu wanasherehekea. Alisoma vizuri, wenzake wakapiga makofi. Kisha binti wa kidato cha kwanza ambaye kwao ni Bahi akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu, naomba nimuulize. Hiyo mvua ilikuwa ya nani kabla haijaingia kwenye kibuyu?"

"Ni ya kibuyu," mvulana akajibu.

"Kibuyu kinatosha maji ya watu wawili. Wewe umenyeshea mashamba ya kijiji kizima."

Mvulana alikaa kimya akitazama daftari lake, na mimi sikuingilia, kwa kuwa swali lile lilikuwa sahihi kuliko lolote nililokuwa nimeandaa. Dodoma hupata takribani milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, zote katika msimu mmoja kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Unyevu wake mwingi hutoka Bahari ya Hindi, na kwa sehemu kubwa upepo wetu huja kutoka mashariki. Tulichora ramani ubaoni: pwani, Morogoro, Kongwa, Chamwino, mji wetu, Bahi, Manyoni. Wingu likikamuliwa lote Chamwino, mbele yake kuna nani? Binti alikuwa ameliona kabla yetu sote, kwa sababu aliyekuwa mbele ni yeye. Hadithi ya mvulana sasa ina sura nyingine, inayotokea Bahi, ambako wanakijiji wanaona mawingu meupe, matupu, yakipita kila jioni, na msichana mmoja anaamua kuyafuata yanakotoka. Katika dakika chache ngano ya kibuyu ilikuwa imekuwa riwaya, na sayansi iliyoingia ndani yake haikuletwa na somo bali na haki ya mtu kuuliza maji yake yamekwenda wapi.

Hizi riwaya za wakati ujao, zinazoonyesha dunia iliyoharibika na watu wachache wanaojenga upya, huambiwa kwamba si za kwetu. Ugogo una kumbukumbu yake. Kati ya mwaka 1917 na 1920 nchi hii ilipita katika njaa iliyoitwa Mtunya: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yaliyopigana Vita Kuu ya Kwanza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakatika, na maelfu ya watu wakafa au wakatawanyika. Anayetaka kuandika jinsi jamii inavyovunjika na nini husalia hana haja ya kubuni kimondo. Awasikilize wazee waliosimuliwa na wazazi wao. Upande wa kujenga upya nao upo. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na makorongo. Miaka ilivyopita nyasi na miti vilirudi. Ng'ombe walikuwa maziwa, mahari na heshima ya mtu, na kuwaondoa kulikuwa gharama halisi iliyobebwa na watu halisi, jambo linalonifanya nilione tukio hilo kuwa kisa cha kisayansi chenye sheria kamili: ardhi inapona, na kuna anayelipa. Mhamishe mwandishi mbele miaka 100, mpe sayari nyingine yenye udongo mwekundu na wafugaji waliofika juzi, na swali litabaki lilelile, nani ataondoa mifugo yake kwanza.

Kuhusu vyombo na mitambo nitasema machache. Treni ya mwendo kasi iliyoanza kufika hapa mwaka 2024 inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa katika nchi ambayo reli ya Wajerumani iliifikia mwaka 1910, na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kijana akiambiwa hayo haoni tena ajabu mhusika wa kisayansi kuitwa Mazengo au Mwajuma.

Linabaki suala la vitabu vyenyewe. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umefanya kazi kubwa ya kuwapa watoto wadogo vitabu vya Kiswahili, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imeonyesha kwamba miswada ipo watu wakiitwa. Ninachokiomba ni kundi la umri wa kati lipewe nafasi yake lenyewe, lisihesabiwe kama watoto wala kama watu wazima, na kwamba urefu usiogopwe. Najua karatasi ni ghali, na mzazi wa Nkuhungu anayenunua unga kwa kilo hatatoa bei ya kitabu kinene mara moja. Magazeti yetu yaliwahi kulitatua hilo kwa hadithi zilizokatwa kila wiki kwa neno "itaendelea," na wasomaji walizifuata miezi mingi. Riwaya ya kurasa 250 inaweza kutoka kwa sehemu nne za bei ndogo, zenye jalada imara, ramani ndani ya jalada, na bila maswali ya ufahamu mwishoni. Marafiki wanne wanaweza kununua kila mmoja sehemu yake na kubadilishana. Sharti pekee ni kwamba sehemu zote ziwe zimekwisha kuandikwa kabla ya ya kwanza kuuzwa, kwa sababu msomaji wa miaka 13 aliyeachwa nusu ya safari huhesabu kwamba amedanganywa, na ni vigumu kumrudisha.

Mchapishaji anayehitaji watu wa kuupitia mswada wa namna hiyo kabla haujapigwa chapa, hapa kwetu wapo. Wanasoma kwa sauti, wanabishana na kila sheria, na huweka alama ya kalamu nyekundu kwenye ukurasa waliochoka.